Balbu Iliwaka Kwenye Skrini, Ikagoma Mezani

Nianze na swali, na nakuomba ulijibu kabla hujaendelea kusoma. Una betri moja ya tochi, balbu moja ya tochi na kipande kimoja tu cha waya. Utaiwashaje balbu? Chukua karatasi, chora. Ukikwama usione aibu. Katika filamu ya kielimu iitwayo Minds of Our Own, ya mwaka 1997, wahitimu wa MIT kule Marekani waliulizwa swali la aina hiyo wakiwa bado na majoho ya mahafali, na wako walioshindwa.

Nakuuliza kwa sababu leo naitathmini programu ambayo walimu wengi wa fizikia wanaisifia, na mimi niliisifia sana mpaka siku iliponiumbua. Inaitwa Circuit Construction Kit: DC. Ni simulesheni, yaani programu inayoiga jaribio la maabara. Imetengenezwa na mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni ya bure, na ukishaipakua unaitumia bila intaneti. Kwa shule zetu, hilo si jambo dogo.

Nilikutana nayo nikiwa fildi, mwaka wa pili wa shahada ya ualimu. Nilipangiwa kidato cha pili, wanafunzi 62 darasani, mada ya umeme. Fomu ya tathmini ya msimamizi wangu ilikuwa na kipengele cha matumizi ya TEHAMA, na mimi alama zile nilizitaka. Nikaazima projekta, nikatundika shuka jeupe juu ya ubao, nikajenga sakiti mbele ya darasa. Balbu ikawaka, elektroni za buluu zikaanza kutembea ndani ya waya. Nikaunganisha ncha mbili za betri moja kwa moja, ikashika moto kwenye skrini. Darasa likalipuka kwa makofi. Msimamizi akaandika maoni mazuri, nikatembea nimenyoosha shingo wiki nzima.

Wiki iliyofuata nikaleta betri, balbu na waya halisi, seti moja kwa kila kundi la watu sita. Nilidhani itakuwa kazi ya dakika tano. Baada ya dakika ishirini, makundi mawili tu ndiyo yalikuwa na mwanga. Mengine yalishika waya kutoka betri hadi kitako cha balbu, yakasubiri. Binti mmoja wa dawati la nyuma akaniambia, "Mwalimu, kwenye kompyuta ilijiunga yenyewe."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani mpaka leo, maana ndiyo tathmini bora ya programu hii niliyowahi kuisikia. Ndani ya simulesheni, balbu ina viduara viwili vya kuungia waya. Ukisogeza waya karibu, unanasa wenyewe. Mwanafunzi hahitaji kujua kwamba balbu ina sehemu mbili za kuguswa: kitako chini na chuma cha ubavuni. Programu imeshamfanyia kazi hiyo. Sasa rudi kwenye mchoro wako. Jibu mojawapo ni kusimamisha kitako cha balbu juu ya ncha moja ya betri, kisha waya utoke ncha ya pili uje kugusa ubavu. Kama ulisahau ubavu, basi ulikwama palepale walipokwama wanafunzi wangu.

Je, programu ni mbovu? Hapana, na hapa tuwe waungwana. Kuna jambo inalifanya ambalo betri na balbu halisi haziwezi: inaonyesha kisichoonekana. Wanafunzi wengi huamini kwamba balbu "inakula" mkondo, kwamba umeme ukipita balbu ya kwanza unafika wa pili ukiwa umepungua. Jenga ndani ya programu sakiti ya betri ya volti 9 na balbu ya omu 10. Amita itasoma ampea 0.9 kabla ya balbu, na 0.9 hiyohiyo baada ya balbu. Ongeza balbu ya pili ya aina ileile kwa mfululizo: mkondo unashuka hadi 0.45, lakini ni sawa kila mahali. Elektroni zote zinatembea kwa pamoja, kama mnyororo wa baiskeli. Kinachotoka kwenye balbu ni nishati, elektroni hazipungui.

Pia kuna mambo inayoyarahisisha, na mwalimu anapaswa kuyasema kwa mdomo wake. Elektroni za kwenye skrini zinakwenda mbio. Katika waya wa tochi ya kweli, zinasogea kwa chini ya milimita moja kwa sekunde, konokono anazipita. Balbu inawaka papo hapo kwa sababu msukumo wa umeme unasambaa kwenye sakiti kwa kasi kubwa mno, bila kusubiri elektroni moja isafiri kutoka betri. Tena, balbu ile ya kawaida ya kwenye programu inabaki na omu 10 iwe imewaka sana au kidogo, wakati uzi wa balbu halisi huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto.

Mtetezi wa PhET ataniletea utafiti wa mwaka 2005 wa Noah Finkelstein na wenzake. Ni utafiti ninaouheshimu, ingawa ulitoka chuo hichohicho kilichoizaa programu. Wanafunzi wa fizikia ya mwanzo waligawanywa: wengine wakatumia simulesheni, wengine vifaa halisi. Baadaye wote wakapewa vifaa halisi wajenge sakiti na kuieleza. Waliotumia simulesheni wakafanya vizuri zaidi, hata kwenye kujenga. Lakini angalia wale walikuwa wanafanya nini: walijenga wenyewe, wakakosea wenyewe, wakarekebisha wenyewe. Darasani kwangu mausi ilikuwa mkononi mwangu kwa dakika 40. Wanafunzi 62 walitazama sinema. Kwa hiyo utafiti ule haunitetei hata kidogo.

Hapa ndipo lawama yangu inapohama kutoka kwenye programu kuja kwangu, na kwa fomu ile ya tathmini. Fomu iliuliza kama nimetumia TEHAMA. Haikuuliza nani ameigusa, wala mwanafunzi amebadilisha wazo gani. Nikapewa alama za projekta.

Kwa hiyo wewe unayekwenda fildi, usiiache programu hii. Geuza mpangilio tu. Anza na betri, balbu na waya mezani, waache wahangaike mpaka waugundue ubavu. Halafu washa kompyuta, hata kama ni moja. Kabla hujabofya chochote, kila mtu aandike utabiri wake: balbu ipi itang'aa zaidi, amita itasoma ngapi. Mwite mwanafunzi, tena yule aliyetabiri vibaya, aje ashike mausi. Wakishaona, waeleze wao kwa nini, na kama Kiingereza kinawabana, waeleze kwanza kwa Kiswahili. Mimi nilifanya hivyo wiki yangu ya mwisho pale. Hakuna aliyepiga makofi. Wawili walibishana kuhusu amita mpaka kengele ya mapumziko ikalia, na mmoja alikuwa yule binti wa dawati la nyuma.

Kama ulikosea mchoro wako, tafuta tochi ya zamani yenye balbu ya uzi uifungue leo ujaribu. Betri ya tochi inatosha. Umeme wa ukutani usiuguse. Waya ukianza kupata moto mkononi na balbu haiwaki, uachie haraka, kisha kaa chini ufikirie: mkondo unapita wapi?