Rosa Mistika na Haki ya Mtoto ya Kusikilizwa

Riwaya ya Rosa Mistika, iliyotungwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, na kupigwa chapa mwaka 1971, imezoeleka kusomwa kama onyo kwa wasichana: asiyejitunza huangamia. Usomaji huo haukitendei kitabu haki, maana wamtwika mtoto mzigo wa wakubwa wake.

Tuutazame mwanzo. Rosa apata barua ya mvulana. Zakaria, baba yake, ampiga vikali. Tangu siku hiyo Rosa ajifunza kumwogopa mwanamume pasipo kumjua. Aendapo shule ya bweni, na baadaye chuo cha ualimu huko Morogoro, elimu yake ya vitabu yaongezeka, lakini hana mzazi awezaye kumweleza yaliyo moyoni. Uhuru wamjia ghafula, naye hakufunzwa kuutumia. Wanaume wenye umri na vyeo wamchezea. Lawama yamwangukia yeye.

Kasoro moja haina budi kutajwa. Mwandishi aliharakisha mno anguko la Rosa, hata maisha ya chuoni yafanana na orodha ya makosa kuliko safari ya nafsi. Hapo ndipo wapendao maonyo wapatapo hoja yao. Walakini mwisho wa riwaya waipindua hoja hiyo: Rosa, aliyekwisha kujiua, asimama na baba yake mbele ya Mungu, na binti amshitaki mzazi. Mtoto apata baraza la kumsikiliza akiwa maiti. Katika kitabu chote hakuna shitaka kali kupita hilo.

Tanzania ilipotunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, ilimpa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yahusuyo ustawi wake. Haja ya haki hiyo Kezilahabi alikwisha kuionyesha miaka 38 kabla. Hata hivyo, kitabu chenyewe kiliwahi kupigwa marufuku shuleni kwa hofu ya kuharibu maadili ya vijana. Waliokizuia walifuata nyayo za Zakaria: waliiona barua, wakashika fimbo, wasimwulize kijana ameelewa nini.

Mwalimu akifundishapo leo, na asiishie kuwauliza wanafunzi Rosa alikosea wapi. Awaulize pia ni nani aliyemsikiliza, kisha anyamaze, ayapokee majibu yao.