Kamba ya Iyangura: Safari ya Chini ya Ardhi katika Utendi wa Mwindo na katika Filamu

Wanyanga, wenyeji wa misitu ya Walikale katika Kivu ya Kaskazini, wana utanzu wa tendi uitwao karisi. Jina hilo ni la masimulizi na pia la mzimu unaoaminiwa kumtaka fanani ajifunze kuyasimulia. Hivyo sanaa na dini katika utanzu huu havitenganishwi. Utendi wa Mwindo, ulio mashuhuri kupita mingine, ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 kwa muda wa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck, ukachapishwa mwaka 1969 kwa Kinyanga na Kiingereza, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Ifahamike kwamba kwa desturi fanani husimulia sehemu moja moja. Utendi mzima, kama unavyosomwa leo, umetokana kwa kiasi fulani na ombi la mtafiti.

Kuzaliwa kwa Mwindo kwa muujiza ndiko kunakotajwa mara nyingi na wahakiki. Hata hivyo, katika nchi ya machimbo, yenye dhahabu ya Omate na bati la Bisie, sehemu nzito zaidi ni ile ya kushuka. Shemwindo, baba asiyetaka mtoto wa kiume, anapomkimbia mwanawe huingia ardhini penye shina la kikoka. Mwindo anamfuata. Kabla ya kushuka anamkabidhi shangazi yake, Iyangura, ncha ya kamba: ikitulia kabisa, ajue kwamba mpwawe amekufa. Huko chini Muisa, mwenye milki ya kuzimu, anamtwisha kazi, kwanza ya kulima migomba na kisha ya kurina asali, na kila kazi ikiisha anavunja ahadi yake. Mchimbaji yeyote aliyepunjwa na mwenye shimo atamtambua Muisa bila kuelezwa.

Mwaka 2010 Frank Piasecki Poulsen, mtengenezaji filamu wa Denmark, alitoa filamu ya *Blood in the Mobile*, ambamo anafika Bisie na kuingia shimoni na kamera yake. Ujasiri wake haukanushiki, na picha za gizani zinatisha kweli. Ila ncha ya juu ya kamba yake iko Ufini, katika kampuni ya Nokia anakopeleka swali lake kuu. Muundo huo unamfanya mgeni kuwa shujaa wa safari, na mchimbaji kuwa ushahidi tu. Filamu yenyewe sasa imekuwa historia, kwani mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza kuzalisha bati Bisie kwa mitambo.

Rureke hakuhitaji kamera. Aliimba, akacheza, akaigiza mwendo wa shujaa akiwa ameshika konga, ile fimbo ya usinga, huku wenzake wakimpigia mdundo. Hadhira haikumtazama mtu wa mbali akiteseka. Ilishiriki katika kumshusha na kumpandisha.

Tena Mwindo hapandi peke yake. Anamrudisha baba yake akiwa hai. Huko Tubondo Shemwindo anakiri makosa yake mbele ya watu wote, na Iyangura, aliyeishika kamba, anamkaripia nduguye hadharani kwa kubagua watoto. Ndipo utawala unapokabidhiwa kwa Mwindo.