Nani Atasugua Sakafu ya Kiwanda?

Kusimamisha ulimwengu wa kubuni ndani ya mchezo wa video ni ufundi wenye masharti magumu kuliko utunzi wa riwaya. Mtunzi wa riwaya akitaka hupita mbele ya mlango wa stoo bila kuufungua, na msomaji hana la kufanya ila kumfuata. Mchezaji hafuati hivyo. Huzurura, hurudi nyuma, hugusa kila kitu, na asipokuta la maana huanza kuhoji. Watumwa wakiwamo, maswali huzidi, kwa sababu utumwa ni mpango wa kazi kabla haujawa mkasa. Watumwa wanatoka wapi? Wanamzalishia nani, na faida inaonekana wapi? Nani anawalinda, na kwa nini, wakiwa wengi kuliko walinzi, hawatoroki? Michezo mingi huweka minyororo na mijeledi ili mchezaji ajue nani mbaya, kisha huyaacha maswali hayo yaning'inie.

Oddworld Inhabitants, studio iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994 na Lorne Lanning na Sherry McKenna, ilithubutu kuyashika. Mchezo wake wa kwanza, Abe's Oddysee, ulitoka mwaka 1997. Abe ni Mudokon, kiumbe mwembamba mwenye macho makubwa, na kazi yake ni kusugua sakafu katika RuptureFarms, kiwanda cha nyama cha tajiri aitwaye Molluck. Molluck ni wa jamii ya Glukkon, mabepari wa ulimwengu huo. Manyapara wake wenye bunduki ni Slig. Kiwanda kimewachinja wanyama waitwao Meech hadi wakatoweka, na Scrab na Paramite nao wanakwisha. Usiku mmoja Abe anachungulia kikao cha wakubwa na kuona bidhaa mpya inayopangwa: nyama ya Mudokon wenyewe.

Hapo hapo linatokea tundu la hadithi ambalo mchezaji makini haliruki. Molluck akiwachinja watwana wake, nani atasugua sakafu? Nani ataendesha mashine za kusagia? Mwenye mali hachomi jembe lake. Lakini historia haikubaliani na hoja hiyo kwa urahisi. Katika mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi, hasa Saint-Domingue ya karne ya 18, watumwa walifanyishwa kazi hadi wakafa, na nafasi zao zikajazwa na shehena mpya kutoka Afrika. Hesabu ya wenye mashamba ilikuwa ya kikatili na nyepesi: maadamu meli zinakuja, kununua mtu mzima ni nafuu kuliko kulea mtoto. Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, wenye mashamba katika makoloni yake walilazimika kujali zaidi uzazi na uhai wa watumwa waliokuwa nao.

Kwa hiyo uamuzi wa Molluck si upuuzi wa mtunzi. Uzuri wa kazi hii ni kwamba hakuna mhusika anayesimama kuutolea hotuba. Ushahidi umewekwa katika hali ya kiwanda chenyewe: tajiri aliyemaliza Meech bila kuacha jozi moja ya kuzaliana ni mkulima anayekula mbegu, na atawafanyia watwana kile kile alichowafanyia wanyama. Kilichoonekana kuwa kosa la hadithi kinageuka kuwa tabia ya mhusika.

Tundu la pili ni kubwa zaidi. Mudokon wana uwezo wa ajabu. Abe akighani, huingia ndani ya akili ya Slig na kumwendesha, bunduki yake ikiwa mkononi. Akighani mahali ndege wanapozunguka, hufungua njia ya kuwavusha wenzake. Viumbe wenye nguvu hizo walitawaliwaje? Jibu linaelea hewani ndani ya kiwanda: tufe za umeme zinazompiga kila anayethubutu kughani karibu nazo. Mabwana wanaijua nguvu ya watwana wao, wameiogopa, na wameigharimia ulinzi. Kifaa kimoja kinafanya kazi mbili, kumwekea mchezaji kikwazo na kueleza siasa ya mahali pale. Ufundi wa aina hii ni adimu, na haupatikani kwa kuongeza kurasa za maelezo.

Vivyo hivyo kwa lugha. Abe hana silaha yake mwenyewe, ana maneno. Mchezaji hubonyeza kitufe kumsalimu mtwana, kingine kumwambia afuate, kingine kumwambia angoje. Asiyesalimiwa hafuati (kwa Mswahili hilo halihitaji maelezo). Hofu ya waliobaki inaeleweka bila kusimuliwa, kwa kuwa kila safari ya kuwatoa inapita penye mabomu ya ardhini na risasi. Wala hakuna mistari ya takwimu iliyobandikwa pembeni mwa skrini. Idadi ya wafanyakazi, waliokufa na waliotoroka huonekana kwenye mbao za taa za kiwanda chenyewe. Mchezaji anasoma hesabu ya watu katika daftari la bwana wao.

Abe's Exoddus ya mwaka 1998 ilikwenda mbali zaidi. Pombe ya SoulStorm inatengenezwa kwa mifupa na machozi ya Mudokon, na watwana wenyewe ni watumwa wa kinywaji hicho pia. Mifupa inachimbwa Necrum, makaburini kwao. Wachimbaji wangekubalije kufukua wazee wao? Wameshonwa macho wasijue wanachochimba. Unyama huo una mantiki, na mantiki hiyo inaingia hadi kwenye vidole vya mchezaji: kipofu anayefuata sauti ataendelea kutembea hadi atumbukie shimoni, asipoambiwa angoje.

Si kila tundu limezibwa. Abe ameshonwa midomo, lakini anaongea, anacheka na kupiga mluzi kama kawaida. Hilo linasameheka, sura ile inasema zaidi ya ufasaha wowote. Udhaifu halisi uko kwa waliookolewa. Wakishapita katika duara la ndege, wanaishi wapi na kwa chakula gani? Watoro wa pwani ya Kenya katika karne ya 19 walianzisha makazi kama Fuladoyo, wakalima, wakajilinda, wakawa kimbilio la watoro wengine na kero kwa waliowadai. Mchezo wa kwanza haujali maisha hayo. Unawakumbuka waliookolewa mwishoni tu: mchezaji aliyetoa angalau 50 kati ya 99 anaona Mudokon wakimwokoa Abe kutoka mikononi mwa Molluck, aliyetoa pungufu anaona wakimwacha asagwe. Hukumu hiyo ni nzuri kama tamthilia, ila bado haijengi kijiji.

Swali la asili ya watwana lilisubiri hadi Munch's Oddysee ya mwaka 2001, ambamo Mudokon wanatokana na mayai, na mayai ya vibarua yanashikiliwa katika maabara ya Vykkers. Jibu hilo linamrudishia nguvu Molluck: mwenye ghala la mayai haoni hasara kuchinja waliokua. Hata idadi ilisumbua. Watwana 99 ni wachache mno kwa kiwanda kilichoteketeza spishi nzima. Exoddus iliweka 300, na mchezo wa kwanza ulipotengenezwa upya mwaka 2014 kwa jina la New 'n' Tasty, watwana wa RuptureFarms walifikia 299.