Mizani Tatu Chini ya Cub

Ndege ndogo ya rimoti hupimwa kwa vidole viwili. Mwenyewe huweka ncha za vidole chini ya mabawa, pale paliposemwa kwenye ramani ya ujenzi, akainyanyua na kutazama kama pua inainama au mkia unalala. Kwa ndege ya kilo moja njia hiyo inatosha. Kwa ndege kubwa haitoshi kabisa, na bado watu wanaishikilia: wawili wanabeba mabawa, wa tatu anachungulia kutoka pembeni, kisha wote wanakubaliana kwamba iko sawa. Ndege ya miezi mingi ya kazi haistahili kupimwa hivyo. Ipo njia ya mizani na hesabu, nami nitaieleza kwa ndege moja tu, Piper J-3 Cub iliyojengwa kwa robo ya vipimo vyake halisi.

Cub yenyewe ilitengenezwa Lock Haven, Pennsylvania, kuanzia 1938 hadi 1947. Kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine ina meta 10.7, kwa hiyo robo yake ni meta 2.68. Chama cha IMAA cha Marekani, kinachoshughulikia ndege kubwa za mfano, huanza kuihesabu ndege ya bawa moja kuwa kubwa inapofikia inchi 80, kama meta 2.03, hivyo hii imo. Uzuri wake kwa mchambuzi ni kwamba bawa lake lina upana mmoja karibu kote, sentimeta 40 kwenye robo. Spitfire, yenye mabawa ya umbo la yai, ingetulazimisha kwanza kukokotoa wastani wa upana.

Tunatafuta kitovu cha uzito, na tunataka kikae mahali maalumu. Kila ndege ina nukta ambayo kitovu kikiwa mbele yake, upepo ukiinua pua, ndege hujirudi yenyewe. Kikiwa nyuma yake, pua ikishaanza kuinuka huzidi kuinuka mpaka bawa lishindwe kubeba. Umbali kati ya kitovu na nukta hiyo ndio akiba ya utulivu, na warushaji wengi huiweka kati ya asilimia 5 na 15 ya upana wa bawa. Ukikisogeza kitovu mbele mno ndege haikuui, lakini inakuchosha: inataka kuvutwa pua juu muda wote, inatua kwa kasi, na ya gurudumu la mkiani hupenda kujibwaga kifudifudi. Kwa Cub, kitovu huwekwa kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa. Tuchukue 30, yaani sentimeta 12 nyuma ya ukingo wa mbele.

Jambo hili halikubuniwa na wapenzi wa ndege za mfano. Rubani wa J-3 halisi akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma, kwa sababu injini na tangi la mafuta vyote viko puani. Kwenye mfano shida mara nyingi huwa upande wa pili. Vipimo vya ndege vinapopunguzwa hadi robo, uzito wake unapaswa kugawanywa kwa 64: kilo 347 za Cub tupu zinakuwa 5.4, na kilo 553 za Cub iliyobeba zinakuwa 8.6. Mjenzi anaweza kuufikia uzito huo kwa jumla, lakini mgawanyo wake unamponyoka. Anaongeza gundi mkiani, plaiwudi mkiani, rangi mkiani, na servo mbili karibu na usukani ili fito ziwe fupi.

Sasa kwenye mizani. Zinahitajika tatu za kidijitali: mbili chini ya magurudumu makuu na ya tatu juu ya stuli chini ya gurudumu la mkia. Stuli si ya mapambo. Cub ikisimama ardhini pua yake iko juu, na mzigo mwingi uko juu ya ekseli, kwa hiyo ukiipima hivyo kitovu kinaonekana kimerudi nyuma kuliko kilivyo. Ikiinama nyuzi 12 tu, na kitovu kiko sentimeta 20 juu ya ekseli, kosa ni sentimeta 4. Hilo linatosha kumfanya mtu aijaze risasi ndege isiyo na kasoro. Nyanyua mkia mpaka pimamaji kwenye mstari wa mlalo wa ramani itulie katikati. Miguu ya magurudumu nayo hutanuka na kusukuma mizani kando, kwa hiyo nyanyua ndege kidogo, ishushe, usome. Rudia mpaka namba ziache kuhama. Tangi liwe tupu.

Kisha timazi. Iteremshe kutoka ekseli kuu, kutoka ekseli ya mkia na kutoka ukingo wa mbele wa bawa, uweke alama sakafuni, upime kati ya alama.

Tuseme mizani ya kushoto inasoma gramu 3,180, ya kulia 3,220 na ya mkia 800. Jumla 7,200. Kutoka ekseli hadi ekseli ni sentimeta 126, na ekseli kuu iko sentimeta 1 nyuma ya ukingo wa bawa. Zidisha 800 kwa 126, gawanya kwa 7,200: unapata 14. Kitovu kiko sentimeta 14 nyuma ya ekseli, yaani 15 nyuma ya ukingo, asilimia 37.5 ya upana. Ndege hii isirushwe.

Angalia pia ni mizani ipi inayotawala jibu. Kosa la gramu 10 mkiani linahamisha kitovu karibu milimita 2. Kosa hilo hilo kwenye gurudumu kuu halifiki hata nusu milimita. Basi mizani yako bora kuliko zote iende mkiani.

Tunataka kusogea sentimeta 3 mbele. Gramu 7,200 mara 3 ni 21,600, na hilo ndilo deni. Hapa ndege ni kama mzega begani: ndoo nyepesi iliyo mbali huilemea ndoo nzito iliyo karibu. Risasi ikifungwa kwenye ukuta wa injini, sentimeta 30 mbele ya ukingo wa bawa, iko sentimeta 42 kutoka mahali tunapopataka, na 21,600 gawanya kwa 42 ni gramu 514. Nusu kilo ya risasi isiyofanya kazi yoyote, juu ya ndege ya kilo saba! Silikubali suluhisho hilo kabla vifaa vyenyewe havijahamishwa.

Betri za risiva na za injini, tuseme kwa pamoja gramu 320, zimewekwa nyuma ya kabini, sentimeta 50 nyuma ya ukingo. Zipeleke sentimeta 20 mbele ya ukingo. Zimesafiri 70, na 320 mara 70 ni 22,400. Deni limelipwa na chenji imebaki: kitovu kipo sentimeta 11.9, bila kuongeza hata gramu moja. Ukirudisha ndege kwenye mizani, ile ya mkia inapaswa kusoma kama gramu 622. Ikisoma vingine, kuna kipimo ulichokosea, na ni afadhali kukitafuta hapo karakanani.

Kushoto nako kumepungua gramu 40 kuliko kulia. Magurudumu yakiachana sentimeta 45, gramu 7 kwenye ncha ya bawa la kushoto zinamaliza habari hiyo.

Mafuta je? Nusu lita ya petroli ina gramu 370 hivi. Tangi likiwa sentimeta 15 mbele ya ukingo, likijazwa kitovu kinakwenda mbele sentimeta 1.3, kisha kinarudi polepole kadiri injini inavyokunywa. Ndiyo maana tulipima tangi likiwa tupu: hali ya hatari zaidi ni ya dakika za mwisho, mrushaji anapojiandaa kutua. Wenye ndege za kukunja magurudumu kuelekea nyuma, kama Corsair na P-40, waongeze hesabu ya miguu inayorudi nyuma baada ya kuruka.

Kwa anayeanza kujenga, dawa iko mkiani, kabla ya mizani. Kwenye Cub hii kila gramu inayowekwa pale nyuma hudai karibu gramu 2.7 puani, kwa hiyo pima kila kipande cha mkia kabla ya kukigandisha. Namba zako za mizani ziandike ndani ya mlango wa kabini. Ukibadilisha injini, betri, au ukipaka mkia rangi upya, pima tena kabla ya kurudi uwanjani.