Mkia wa Mwangwi

Ukiipata Macro Dub Infection, mkusanyiko wa CD mbili ambao mwanamuziki Kevin Martin aliuchagulia vipande na kampuni ya Virgin ikautoa mwaka 1995, usianze na majalada. Majina yanapumbaza. Tricky, Coil, Tortoise, 4 Hero: kila mmoja ana mashabiki wake, na shabiki husikia anachotaka kusikia. Weka CD, fumba macho.

Sikiliza kwanza namna mwangwi unavyokufa. Dabu, muziki unaotajwa katika jina la mkusanyiko huu, ilizaliwa Kingston, Jamaika, mikononi mwa watu kama King Tubby, fundi wa redio na amplifaya. Alichukua nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa, akawa anazipunguza: anamkata mwimbaji katikati ya neno, anaacha besi na ngoma peke yake, halafu kipande kidogo cha gitaa anakitupia kwenye mashine ya mwangwi. Aliyafanya hayo kwa vidole, utepe ukiwa unazunguka. Mwangwi wa utepe haurudi jinsi ulivyotoka. Kila mara unapoteza kidogo, mng'ao wa juu ukitangulia, makali yakifuata, hadi unabaki mvumo tu. Ukisikia mwangwi umerudi mara nane bila kubadilika, kama mhuri wa karani, jua fundi alibonyeza akaenda kunywa chai.

Besi ipime kwa kupunguza sauti, si kwa kuongeza. Besi nzuri ina wimbo wake, na hata ikiwa chini unaweza kuifuatisha kwa mdomo. Mbovu hugeuka ngurumo. (Spika ya simu usiitumie kabisa, utamlaumu fundi bure.)

Vipande vya ambienti vilivyomo humo, visivyo na haraka na mara nyingine visivyo na ngoma, vina kipimo kingine. Mwanamuziki Brian Eno, alipotoa Ambient 1: Music for Airports mwaka 1978, alitaka muziki unaoweza kupuuzwa na bado ukavutia. Basi vipuuze. Osha vyombo. Kipande kilichotungwa kivivu utakisahau mpaka kiishe. Kilicho bora kitakukuta umesimama na sahani mkononi, maji yanatiririka.

Kazi ya mkusanyaji, ambayo wengi hawaihesabu, inasikika kwenye maungio. Martin aliweka rege ya The Disciples chungu kimoja na midundo ya kasi ya London na roki isiyo na mwimbaji, kana kwamba dabu ni namna ya kuchanganya sauti, si aina ya wimbo. Hoja hiyo hukubalika pale kipande kimoja kinapokufanya usikie besi ya kinachofuata kwa sikio jipya. La sivyo, ni kapu tu la nyimbo.

CD mbili, hata hivyo, ni nyingi. Ya kwanza huwa naisikiliza mfululizo. Ya pili naruka ruka.