Kidonge cha Binadamu Kwenye Maji ya Vifaranga

Kisa cha banda moja la Segerea, Dar es Salaam, kilianza hivi: vifaranga wa nyama wa siku tisa, wachache wanachechemea, mfugaji akasaga vidonge vya binadamu vya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na kuvikoroga kwenye maji ya kunywa. Vifaranga waliokufa pale waliuawa na dawa. Msimsingizie mtotoleshaji wala chakula.

Joto la bruda, maranda na chanjo, hayo mfugaji aliyafanya vizuri.

Turudi kwenye yale maji. Kidonge cha miligramu 50 kimepimwa kwa mtu mzima wa kilo 60 na zaidi. Dozi hiyo haifiki hata miligramu moja kwa kilo ya mwili. Kifaranga wa gramu 200 akimeza miligramu moja tu, amepata tano kwa kilo. Tena unga ule hauyeyuki vizuri, unatuama, na anayekunywa mwisho anakutana na mashapo. Hapo nani amepima dozi?

Ndege taka za protini anazitoa kama asidi ya yuriki, ule weupe juu ya kinyesi, na kazi hiyo ni ya figo. Diklofenaki inazuia prostaglandini zinazosaidia damu kufika kwenye figo. Figo zikifeli, yuriki inajaa kwenye damu, kisha inaganda juu ya moyo na ini kama chokaa. Ikishafika hapo, hakuna vitamini itakayoirudisha nyuma.

Nimelisema na nitalirudia: uchunguzi kwanza, dawa baadaye, na muuza dawa za mifugo asiyeuliza hata umri wa kuku hafai kukaa kaunta. Mabwana mifugo wa zamani walianza na kisu, mzoga ukafunguliwa kabla dawa haijatajwa. Ndivyo alivyofanya daktari wa mifugo Lindsay Oaks kule Pakistani, tumbusi walipokuwa wakiteketea. Timu yake ilipasua mizoga, ikakuta yuriki imetapakaa, ikaondoa sababu moja baada ya nyingine, ndipo ikauliza maduka ya dawa ng'ombe, ambao mizoga yao huliwa na tumbusi, wanapewa nini. Mwaka 2004 jibu likachapishwa: diklofenaki. Mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zikaipiga marufuku kwa mifugo.

Kifaranga anaweza kuchechemea kwa upungufu wa vitamini D au kwa bakteria kwenye viungo, na kutuliza maumivu hakutibu kimojawapo. Maabara ya veterinari iko Temeke, kwenye Barabara ya Mandela. Wawili watatu waliochechemea wangefikishwa huko mapema, kabla kidonge hakijasagwa.