Hakuna Chochote Kabisa: Uhakiki wa Sheria za Kuhamisha Mali katika RuneScape

Katika darasa la fasihi tumezoea kuuliza mhusika anasema nini, anatenda nini na anawakilisha nani. Mara chache tunauliza swali la mwenye duka: mali ya mhusika ni ya nani? Katika michezo ya intaneti ambayo mchezaji hujivika uhusika, swali hilo haliepukiki, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na wahusika wawili au watatu, mmoja tajiri na mwingine hana hata upanga wa shaba. Makala haya yanahakiki jinsi RuneScape, mchezo wa kampuni ya Jagex ya Uingereza ulioanza mwaka 2001, unavyoshughulikia mali inayohama kutoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine. Hoja yangu ni kwamba mchezo huu unajua vizuri kuuza na kununua, lakini haujui kupa, na kasoro hiyo ya maudhui imejificha ndani ya fani yake.

Tuanze na fani. Katika Old School RuneScape, toleo ambalo tangu 2018 huchezwa pia kwenye simu, kila mhusika ana benki yake. Ukitaka mhusika wako wa pili apate samaki au sarafu za yule wa kwanza, lazima wakutane mahali pamoja kwa wakati mmoja na kufungua dirisha la biashara. Kwa hiyo unahitaji kuwaingiza wote wawili mchezoni kwa pamoja, au rafiki wa kushika mali katikati. Njia nyingine ni kuangusha vitu chini, kutoka, kisha kurudi upesi kwa akaunti ya pili kabla mpita njia hajaviokota au havijatoweka. Mtandao ukikatika hapo katikati, umekula hasara. Mhusika anayefunguliwa kwa ajili ya kutunza mizigo tu, mimi na wenzangu humwita punda.

Msomaji anaweza kusema hii ni kero ndogo ya kiufundi. Nami nilidhani hivyo mpaka siku nilipotaka kumpa mdogo wangu mali. Mimi nilikuwa Kauma, Lilongwe. Yeye alikuwa Dzaleka, akitumia simu ya mama. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimekusanya chakula, silaha na kofia ya rune ili mhusika wake asianze safari mikono mitupu. Tulikutana mbele ya benki. Niliweka vitu vyote upande wangu. Upande wake ulikuwa mtupu. Dirisha la pili, lile la kuthibitisha, likanieleza kwamba nitakachopokea ni "hakuna chochote kabisa". Nilicheka, nikakubali. Lakini maneno yale yalinibaki kichwani. Kwa mtunzi wa mchezo, kaka kumvika mdogo wake ni biashara iliyokwenda mrama.

Onyo hilo lina sababu yake. Matapeli walikuwa na tabia ya kuonyesha kitu cha thamani na kukiondoa dakika ya mwisho, hivyo mchezaji anahitaji kutazama mara ya pili. Tatizo lilikuja Desemba 2007, Jagex ilipokwenda mbali zaidi. Kulikuwa na watu waliouza dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi, na baadhi yao walilipia akaunti zao kwa kadi za benki za wizi. Ili kuwazuia, kampuni iliweka kikomo kwa kila mtu: tofauti ya thamani kati ya pande mbili za biashara, mwanzoni, isizidi sarafu 3,000 katika dakika 15. Siku hiyo zawadi, mkopo, na kumpelekea mhusika wako mwenyewe mali yako mwenyewe vikawekwa kapu moja na magendo. Sheria haikuweza kumtofautisha ndugu na tapeli, maana kwenye dirisha wote wawili wanafanana: upande mmoja umejaa, mwingine mtupu. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Januari 2011 wachezaji walipiga kura zaidi ya milioni 1.2, asilimia 91 wakitaka biashara huru irudi, na Februari 1 ikarudi.

Upande wa pili una hoja nzito, nayo ni hoja ya jasho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Katika michezo hii vazi ni simulizi: linaeleza mhusika alipita wapi na alipigana na nani. Mhusika aliyepewa kila kitu anaonekana kama mtu asiye na historia. Lakini hoja hii inasahau kwamba mchezo tayari umelilinda jasho kwa njia nyingine. Ujuzi wa mhusika hauhamishiki. Kofia ya rune haivaliki mpaka mhusika afikie kiwango cha 40 cha kujilinda, hata kama amepewa na mfalme. Kofia niliyompa mdogo wangu ilikaa benki muda mrefu, naye akawa anapigana kila jioni ili aifikie. Zawadi haikumfutia simulizi. Ilimpa sababu ya kuiendeleza.

Jagex yenyewe imejaribu majibu mengine. Mwaka 2014 ilileta Ironman, mhusika anayejitegemea na asiyefanya biashara na mchezaji yeyote. Hilo sina ugomvi nalo, kwa kuwa ni nadhiri ya hiari. Mwaka 2021 ikaja Group Ironman, kundi la watu 2 hadi 5 wenye ghala la pamoja. Hapa ndipo mchezo ulipokaribia kabisa wazo la kaya. Hata hivyo kaya hiyo haipokei kitu kutoka nje. Mchezaji anabaki na soko lisilojua undugu, au undugu usio na mlango.

Kwetu, undugu wenye mlango ndio unaolisha watu. Tangu kambi ya Dzaleka ifunguliwe mwaka 1994 wilayani Dowa, kuna familia zilizogawanyika: mmoja kambini, mwingine Lilongwe akiuza duka na kutuma fedha kwa simu. Mwaka 2023 serikali ilipoamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini, mgawanyo huo ulivunjwa. Sisemi mchezo ni kambi, wala kofia ya rune si unga. Ninachosema ni kwamba msomaji wa kwetu hawezi kuona kikomo cha 2007 kama hesabu tupu. Anajua maana ya sheria inayotazama mzigo bila kuuliza unapelekwa kwa nani.

Kwa kuhitimisha, sidai milango yote iachwe wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na matapeli bado wapo. Napendekeza daftari lenyewe liongezwe safu: mchezaji aweze kuandikisha wahusika wake na ndugu zake wachache, na kinachopita kati yao kiandikwe kuwa zawadi, kwa kiasi kinachoweza kukaguliwa. Mdogo wangu alinilipa siku ile. Aliniletea samaki mmoja wa kuungua, akaniwekea kwenye dirisha, nami nikakubali.